Vichupa kutoenda na biti, msiilaumu kompyuta

Mhariri, salaam nyingi kwako na kwa wote wa ukurasa wa burudani.

Naandika kuhusu hizi tathmini za vichupa, yani video za nyimbo, mnazotoa. Nazisoma zote, ila naona mnasifia gari, nguo, lokesheni, droni ilivyopaa juu ya bahari, bajeti imesimama, lakini sijawahi kuona mtu akiandika kwamba picha zimekatwa zikaenda na ngoma au hazijaenda. Alafu msomaji akilalamika kwamba video ya fulani "inachelewa" jibu ni lile lile siku zote, edita ana kompyuta mbovu, anunue mashine ya maana. Mi ni edita, nafanya harusi, sendoff, matangazo ya maduka na vichupa vya wasanii wachanga hapa Dar, na kusema ukweli kompyuta haihusiki hapo. Kompyuta mbovu itakuchelewesha kueksporti, itakunyima usingizi, itakugombanisha na mama bibi harusi anayetaka video yake Jumatatu, lakini haiwezi kuitoa kata yako, pale picha moja inapoishia nyingine ianze, kwenye mdundo. Kinachoitoa ni hesabu ya kugawanya ambayo watu hawataki kuifanya.

Hesabu yenyewe hii hapa. Muziki unapimwa kwa mapigo ya dakika moja, ile namba maprodyuza wanaiita BPM. Video inapimwa kwa frem, yani picha moja moja, za sekunde moja. Chukua frem zako, zidisha kwa 60, gawa kwa BPM, unapata pigo moja linabeba frem ngapi. Video ya frem 25 na wimbo wa BPM 100, yani 1500 gawa kwa 100, unapata frem 15 kamili kila pigo, hapo unakata hata umefumba macho. Wimbo wa 125 unapata frem 12 kamili, raha tupu. Sasa weka wimbo wa 120, ambayo ndo tempo, yani kasi ya wimbo, programu nyingi za muziki zinafunguka nayo kwaiyo prodyuza asiyejisumbua anaiacha hapo hapo, unapata frem 12 na nusu. Na nusu frem haikatiki, frem ipo nzima au haipo. Dawa yake ni rahisi, unakata frem 12 kisha 13 kisha 12 kisha 13, au unaachana na pigo moja moja unakata kila mapigo mawili, mana mapigo mawili ni frem 25, sekunde moja kamili. Wimbo wa 80 unakaa vizuri ukikata kwa mapigo manne, frem 75. Wa 96 pigo moja ni frem 15 na vipande, lakini mapigo manane ni frem 125 bila chenji. Kwaiyo kila wimbo una sehemu yake ya kushika, kazi ni kuitafuta kabla hujaanza kukata.

Balaa linakuja kwenye amapiano na hizi bongofleva zilizoazima mdundo wake, nyingi zinacheza kwenye 112 au 113 hivi. 1500 gawa kwa 112 unapata 13.39. Edita mwenye haraka anasema ah, 13 hiyo, anakata klipu zake zote frem 13 anazipanga kwenye taimlaini, ule mstari wa klipu kwenye programu, moja nyuma ya nyingine anakopi anapesti, mwanzo inaonekana iko sawa kabisa, mteja kakaa pembeni anatikisa kichwa. Lakini kila pigo amedhulumu sehemu ya frem, tuseme 0.39. Mapigo 32 baadaye, ambayo ni baa nane tu za mapigo manne manne, deni limefika frem 12 na nusu, yani nusu sekunde nzima, na pigo moja la wimbo huo ni nusu sekunde na kitu. Maana yake picha imetangulia muziki kwa karibu pigo zima. Hapo ndo mtazamaji anasema "mbona kama haiendi" bila kujua kwanini, na cha kuchekesha ni kwamba ukiendelea mbele kidogo kata zinarudi kukaa karibu na mdundo zenyewe, alafu zinatoka tena, kwaiyo ukikagua video sehemu mbili tatu tu unaweza ukakuta zote ziko sawa ukaipeleka hewani.

Namna ya kuepuka hilo ni kutojumlisha. Kila pigo lihesabiwe kutoka mwanzo wa wimbo. Pigo la 10 liko frem ya 134, la 20 liko 268, la 28 linaangukia frem 375 kamili. Unaweka alama zako kwenye taimlaini kwa namba hizo, kosa la kila alama halizidi frem moja na halimwambukizi mwenzake. Mahesabu yanafanyika kwenye simu, hata shiti ya Eksel ukiitengeneza mara moja inakufaa maisha yako yote.

Kuna wengine wanaona njia ya mkato ni kuusukuma wimbo wenyewe. Una 120, video yako frem 25, basi upeleke 125 mambo yaishe. Hapana bana. Hiyo ni asilimia nne na ushee, sauti ya msanii inabana, pumzi zinakuwa fupi, na ukisukuma bila kushikilia noti wimbo unapanda kama asilimia 70 ya nusu toni, prodyuza akisikia atajua. Wale waliokua wanaangalia sinema za kizungu kwenye runinga zamani walishasikia kitu hiki bila kujua, mana filamu ya frem 24 ilikuwa inarushwa kwa 25 ili iendane na runinga zetu, kila kitu kinaenda haraka kidogo na muziki unapanda. Mi msimamo wangu ni kwamba wimbo wa 124 ukiupeleka 125 haifiki asilimia moja, hamna sikio litakalosema kitu, ila hata hapo muulize mwenye wimbo kwanza. Zaidi ya hapo kazi ya kusogea ni ya picha, wimbo uacheni.

Sasa kwanini nang'ang'ania frem 25 wakati vijana wote wanataka 24 "ya sinema" na simu zao zinashuti 30? Kwa sababu ya Tanesko, sitanii. Umeme wetu ni hezi 50, taa za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Ukishuti 25 na shata ya 1/50, yani kila frem inapokea mwanga kwa sekunde 1/50, inakula mapepeso mawili kamili, mwanga unatulia. Ukishuti 30 na shata ya 1/60 kwenye taa zile zile, unapata michirizi inayopanda na kushuka ukutani nyuma ya maharusi, na taa za LED za bei poa ndo zinazidisha. Marekani wao umeme ni hezi 60 kwaiyo 30 kwao ina mantiki, na hata hiyo si 30 kamili, tangu 1953 walipoingiza rangi kwenye runinga walipunguza kidogo ikawa 29.97. Tofauti inaonekana ndogo ila kwenye wimbo wa dakika nne ni robo sekunde, frem saba, na ndo mana kuna watu wanapiga hesabu zote sawa kwa 30 alafu mwisho wa wimbo kata zimetoka na wanabaki kuilaumu programu. Angalieni namba halisi ya faili lenu kabla hamjagawanya.

Harusini shida inakuwa kubwa zaidi kwa sababu kamera ni za watu tofauti. Kamera kubwa iko 25, mwenzako wa kamera ya pili kaweka 30 kwa sababu ndo ilivyotoka dukani, na mdogo wake bwana harusi kakuletea klipu za simu ambazo "usiziache kaka, kuna shangazi anacheza humo". Klipu ya 30 ukiitupa kwenye taimlaini ya 25 programu inatupa frem moja katika kila sita. Shangazi anacheza, mguu unashuka, frem ambayo mguu unagonga sakafu ndo hiyo imetupwa, unaona mguu uko juu alafu uko chini tayari unanyanyuka, na wewe ulitaka kugonga kule kukae kwenye besi. Simu nazo zina tabia yao, gizani zinapunguza frem zenyewe bila kukuambia, taa zikizimwa wakati wa kukata keki simu iliyokuwa 30 inashuka, zikiwashwa inapanda, na faili zima likiingia kwenye programu inayodhani namba ni moja tu, sauti na picha zinaanza kuachana taratibu. Klipu za simu zibadilisheni kwanza ziwe za frem zisizobadilika, ndo mziingize. Inakula muda lakini ni muda wa kompyuta, we unaenda kunywa chai.

Na mambo haya si ya leo wala si ya kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ilipoingia kwenye sinema na frem 24 zikawa ndo kipimo, watu wa katuni wa Walt Disney walikuwa wanachora kila tukio kwa idadi ya frem na mtunzi wa muziki anatunga kwa frem hizo hizo. Carl Stalling, mtunzi wao wa muziki, alitumia mfumo wa tiki ambapo wapiga vyombo wanasikia mlio kwenye sikio wakati wanarekodi, na baadaye milio hiyo ikawa inatengenezwa kwa kutoboa vitundu kwenye ukingo wa filamu pale inapokaa sauti. Tempo hawakuitaja kwa BPM, walisema tu tiki ya frem 12, ambayo kwa frem 24 ndo 120 yetu. Na ile nusu yetu inayotusumbua wao walishaimaliza, kwenye ukanda wa sauti walikuwa wanaigawa frem moja sehemu nane, kwaiyo wangeweza kuandika frem 12 na sehemu nne za nane, yani 12 na nusu, na orkestra nzima ikaenda nayo. Kwa ufupi mtunzi na mchoraji walikuwa wanasoma karatasi moja. Sisi prodyuza yuko studio yake Kinondoni, dairekta yuko zake, edita analetewa wimbo kwa WhatsApp umebanwa mpaka umechujuka, hauna namba yoyote, faili limeandikwa "final final mpya 2".

Nirudi kwenye kata. Pigo likiangukia katikati ya frem mbili unachagua ipi? Mi nachagua ile inayotangulia, yani picha iwahi kidogo kuliko sauti, sio ichelewe. Hii haitokani na mapenzi tu. ITU, lile shirika la mawasiliano la kimataifa, lilishaandika vipimo kwamba mtu anaanza kushtuka sauti ikitangulia picha kwa milisekunde kama 45, ila sauti ikichelewa anavumilia mpaka kama 125. Frem moja kwa 25 ni milisekunde 40. Kwaiyo picha ikiwahi frem moja au mbili hamna anayelalamika, ikichelewa mbili ushaharibu. Na ni kitu cha kawaida katika maisha, ukiwa mbali unamwona mtu anapiga nyundo kabla hujasikia mlio, akili imeshazoea upande huo.

Ukumbini ndo utaona hilo kwa macho. Sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde, kamera iliyowekwa nyuma kabisa mita 20 kutoka kwenye spika inarekodi sauti iliyochelewa frem moja na nusu. Ukizipanga kamera mbili kwa kulinganisha mawimbi ya sauti kama tunavyofanya wote, sauti zinakaa sawa ila picha ya kamera ya nyuma imetangulia frem moja na nusu kuliko ya mbele, ukiruka kutoka ya nyuma kwenda ya mbele mkono wa MC unarudi hewani mara ya pili. Wengi wanaona wanasema kamera ina matatizo. Haina, isogezeni frem moja, basi.

Kuna hii ya slo mosheni ambayo naona inawashinda hata wakubwa. Msanii anatembea taratibu, kanzu inapepea, mdomo unaenda sawa na wimbo, mnaipenda na mi naipenda. Inafanyika hivi, unashuti frem 50, pale lokesheni wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili msanii anaimba kama amekimbizwa, baadaye unaicheza kwa 25 mdomo unarudi kwenye wimbo wa kawaida. Hiyo mara mbili imekaa kichwani kwa watu, sasa anakuja mtu na kamera iliyosetiwa 60 na bado anapiga wimbo mara mbili. 60 kwenda 25 ni mara 2.4, sio 2. Mdomo unakuja taratibu kuliko wimbo, kwenye sekunde 12 za ubeti midomo imeimba sekunde 10 tu, na edita ndo anaambiwa arekebishe. Anarekebisha kwa nini? Akiikazia klipu mpaka mdomo ufike basi slo mosheni nayo imepungua na frem zinaanza kuruka. Nimeletewa kazi ya hivyo na kampuni moja hapa mjini, nikawaambia ukweli, wakaona najifanya mjuaji, wakaipeleka kwa mwingine, na ilipotoka ubeti wa pili wote ni droni na mgongo wa msanii. Sikushangaa.

Singeli nayo tuiongelee mana ni yetu, imetoka Tandale na Manzese huko na sasa inapigwa mpaka Ulaya. Inaenda 200 mpaka 300. Kwa frem 25, wimbo wa 300 ni frem tano kwa pigo, kamili kabisa, wa 250 ni frem sita, kwa hesabu singeli ni rafiki wa edita kuliko amapiano. Ila ukikata kila pigo ni picha tano kwa sekunde, mtazamaji haoni mchezaji, haoni sura, anaumwa kichwa. Kata kwa mapigo manane au hata 16, acha mchezaji mwenyewe ndo abebe kasi ndani ya frem, mwili wake uko kwenye biti kuliko mkasi wako. Na msiamini kile kitufe cha kwenye programu za simu kinachojitafutia biti chenyewe, kwenye singeli ya 240 kinakwambia 120, kwenye chakacha na ngoma za pwani zinazoenda sita kwa nane kinahesabu nne kwa nne kama diskoteki, kata zinaangukia pale ambapo hamna mtu anayekanyaga.

Matarumbeta ni habari nyingine kabisa. Hawana tiki, wanaanza taratibu getini kwa bibi harusi, wakiona noti zinatunzwa wanapandisha, wakifika ndani wako mbali sana na tempo waliyoanza nayo. Hapo BPM weka kabatini. Unasikiliza, unagonga alama kwa kidole kwenye kibodi wimbo ukiwa unaenda, unarudi unazisogeza moja moja. Nyimbo za dansi za zamani zilizorekodiwa bendi nzima kwa pamoja hivyo hivyo, dramu inapumua, na ukiilazimisha kwenye gridi ya mapigo yaliyolingana unaiua.

Kwa matangazo ninayotengeneziwa muziki wangu mwenyewe huwa najadiliana na prodyuza kabla hajagusa kinanda. Tangazo la sekunde 30 ni frem 750. Ukitaka kata zikae kamili mwombe 100, mapigo 50 ya frem 15 kila moja, ila 50 haigawanyiki kwa nne kwaiyo tangazo litaishia katikati ya baa na ni lazima atunge mwisho wa ujanja. Ukitaka baa 16 zilizotimia nenda 128, mapigo 64 barabara, lakini pigo linakuwa frem 11.7 na wewe utahesabu kutoka mwanzo kama nilivyosema. Mi huwa nachukua 128, tangazo likiisha vizuri sikioni mteja analipa, mambo ya nukta saba nabaki nayo mwenyewe usiku.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Mkiwahoji maprodyuza, na mnawahoji sana, waulizeni wimbo uko BPM ngapi na kama tempo inabadilika katikati, alafu muiandike pale pale chini ya jina la wimbo. Wao wanayo, iko juu kabisa kwenye skrini yao, kuiweka kwenye jina la faili ni herufi tatu na namba tu. Na hao wanaowaandikia tathmini za vichupa wawekeni siku moja wakae na edita yeyote, simlazimishi awe mimi, waangalie taimlaini ya wimbo wa 112 ilivyo.

Edita wa video,
Sinza, Dar es Salaam